Ziwa Lililokunjwa Kiganjani

Kyoto, Japani

Mama mpendwa, pamoja nanyi nyote mliokusanyika nyumbani kwetu Port Victoria,

Nawasalimu kutoka mji ambako theluji huanguka bila sauti. Mimi ni mzima. Magoti yako, Mama, yamepata nafuu? Na binti wa kaka yangu Ouma, bado analia?

Juzi uliposogeza simu kitandani kwake nilimsikia. Nilimsikia pia Shangazi Monica: "Huyo hatafuti maziwa, anatafuta jina!" Ouma akamjibu, "Haya, nani hapa ameota?" Hakuna aliyesema ameota, na kwetu marehemu anayetaka mtoto apewe jina lake hujitambulisha ndotoni. Nami sikujitaja, ingawa nilikuwa nimeota.

Niliona haya, mimi mtu wa hesabu, kutaja ndoto. Huku nasomea uhandisi wa kukunja. Tunachukua utando mpana kama sakafu ya kanisa letu, tunaukunja kwa hesabu za pembe hadi uingie mkobani. Ukivutwa ncha mbili hukunjuka wote kwa pamoja, kama ua. Siku moja utafunguka angani, unase mwanga wa jua. Mwalimu wangu hukunja korongo wa karatasi akingoja chai ipoe, na hata yeye hajui ni wakati gani anacheza na ni wakati gani anapiga hesabu. Alinionyesha kwamba karatasi iliyokunjwa, hata uipige pasi, mstari wake hubaki. Ukiigusa tena, hujikunja palepale.

Ndotoni, Dani Awuor, marehemu nyanya yetu aliyetulea sote, aliketi ufukweni akikunja ziwa. Alilikunja pamoja na magugu yake na visiwa vyake hadi likatosha kiganjani. Akaniwekea mkononi, nalo lilikuwa na joto.

"Nimechoka kukaa nje," akasema. "Mniite."

Shangazi, najua utasema siku hizi hata ndoto zinatoka ng'ambo kama mitumba. Cheka, lakini mjaribu. Wazee walitufundisha kwamba mtoto hutulia akiitwa kwa jina analolitaka. Ushahidi wa maabara sina. Nina ule mstari wa mkunjo tu, uliobaki kiganjani aliponiwekea ziwa, na kila nikikunja vidole nauhisi.

Nisalimieni Ouma na mkewe, na mchungaji wetu, ambaye naomba asininunie kwa mambo haya ya ndoto na wafu. Kisha, Mama, mpakate mtoto, umwite Awuor, na simu iwe karibu naye. Sitasema neno. Nitasikiliza tu kama amenyamaza.

Ni mimi binti yako,
Akinyi