Kosa Lile Lile, Kalamu Ile Ile

Jumatatu, 14 Julai. Kenmore

Jumatatu timu ya Espoir haichezi. Nimefua, nimekunja, Neema amekunjua. Ana mwaka mmoja na nusu, ndiyo kazi yake.

Espoir amelala chini sebuleni, juu ya sakafu, sababu godoro linamuumiza mgongo. Bwana yangu ni mrushaji wa besiboli, yule anayemtupia mpira mwenye fimbo. Donc mgongo ndio kazi yenyewe. Ukikataa, kazi imekataa. Miaka mitano ya timu ndogo ndogo, sasa timu ya Buffalo, hapa jirani, ngazi moja tu chini ya ligi kubwa. Wanasema Septemba wawili wataitwa juu. Naliomba hilo hata nikiosha vyombo.

Redio ya gari leo: futiboli. Si ile ya kwetu ya miguu. Hii ya hapa, ya kofia ngumu. Msimu wao bado, mpaka Septemba, lakini walizungumza njia nzima juu ya kidole gumba cha mtu mmoja. Jana Espoir aliwatoa watu tisa. Walisoma matokeo kwa pumzi moja, wakaenda kwa tangazo la magodoro.

Alhamisi, 24 Julai. Columbus

Timu inacheza hapa wiki nzima. Nimekuja na basi, mimi na Neema, tunalala kwa Mama Sifa. Tulikuwa naye kambi moja ya wakimbizi Burundi. Anauza dawa za kwetu chumbani mwake, zinakuja ndani ya sanduku la mtu anayesafiri. Nikamwambia mambo ya mgongo. Akanipa unga wa kahawia, kijiko kimoja ndani ya uji kila asubuhi. Nikauliza ni nini. Mizizi tu, akasema, hata mtoto angekula.

Espoir alishanieleza haruhusiwi kumeza kidonge chochote bila daktari wa timu. Alitia sahihi. Lakini mizizi si kidonge. Bibi yangu alitupa mizizi kama chakula. Sikumwambia Espoir, angekataa tu, na nimechoka kumwona akivaa soksi machozi yanamtoka.

Nampelekea uji kwenye hoteli ya timu, ndani ya termosi. Anamaliza wote.

Jumatano, 30 Julai. Louisville

Mgongo umepona. Umepona kabisa. Leo ameinama kumwinua Neema kama kijana. Niliimba jikoni kwa mama mukwe.

Mama mukwe anakaa Okolona, mtaa wa hapa Louisville, huku ndiko familia yao ilipokelewa walipofika. Jana alikwenda uwanjani na kitenge kipya na nusu ya kanisa. Espoir alirusha vizuri kuliko siku zote. Leo mama amekaa mbele ya televisheni tangu chai, anangoja kumwona mtoto wake kwenye habari za michezo. Walionyesha mazoezi ya futiboli. Mtu anakimbia katikati ya vitu vya plastiki, hana hata mpinzani. Muda mrefu. Halafu hali ya hewa.

Mama mukwe akauliza, "Mtoto wangu atakuja kisha ya mvua?"

Nikamwongezea chai.

Ijumaa, 1 Agosti. Louisville

Espoir ametoa mkojo kwenye kikombe, yeye na wengine watatu. Kupimwa dawa, kawaida yao. Hana wasiwasi. Mimi pia sina.

Jumanne, 19 Agosti. Kenmore

Simu ilikuja wakati Neema anakula. Wamekuta kitu ndani ya mkojo. Dawa ya kujenga misuli. Amefungiwa mpaka katikati ya msimu ujao.

Nilijua palepale. Nikamwambia yote: Columbus, unga, uji. Akakaa pembeni ya bafu. Kisha akasema, "Usimwambie mtu. Aliyekula ni mimi. Ni la kwangu."

Na ndivyo alivyowaambia timu. Nilikula, sikujua, ni la kwangu. Jina langu hakulitaja.

Nikampigia Mama Sifa. Kwanza hakumbuki unga wowote. Halafu akakumbuka. Halafu akasema wale wanaotengeneza wanatwanga vidonge humo ili upate nguvu, kila mtu anajua. Mimi sikujua. Akaniambia nisimpigie tena.

Jumatano, 20 Agosti. Kenmore

Televisheni wanamwonyesha kila saa. Miaka mitano hawakuwa na picha ya Espoir hata moja. Leo wamepata tatu.

Mzee mmoja aliyecheza zamani amesema watu kama hawa wanachafua kitabu cha rekodi za besiboli, wafungiwe maisha. Amekunja uso kama yuko matangani. Mwingine amemwita mwizi. Mwizi wa nini? Alikula uji.

Mchana kaka Denis amekuja. Ni Mkenya, alikuja kusoma chuo, sasa anaandika michezo kwenye gazeti la mtandao hapa Buffalo. Tunasali naye. Amekula sombe yangu, majani yangu ya muhogo, mara ngapi. Espoir alikuwa kwa wakili. Denis akacheza na Neema kwanza, akamvalisha kiatu. Akaniuliza kwa upole, ilikuwaje.

Nikafikiri: huyu anajua mizizi ni nini. Sitahitaji kueleza kama kwa Mzungu. Kweli ikitoka, Espoir atakuwa huru. Nikamweleza yote. Akaandika taratibu.

"Shem, niamini," akasema. "Hii nitaiandika kama ndugu."

Nilimfungia chapati aende nazo.

Ijumaa, 22 Agosti. Kenmore

Imetoka. Niliisoma pole pole, na simu pembeni kwa maneno magumu. Kichwa chake: mrushaji ajificha nyuma ya mke.

Mizizi ameiandika kama uchawi. Mimi ni mwanamke anayekoroga vitu jikoni. Espoir ni mwanaume aliyekosa kisingizio, akamtoa mke wake mbele. Yeye aliyekataa hata kulitaja jina langu.

Espoir aliisoma amesimama. Akanirudishia simu. "Nilikuambia usiseme."

Basi. Siku nzima hajaniita Mama Neema. Hajaniita kitu.

Jumanne, 26 Agosti. Kenmore

Leo mwingine amekamatwa. Wa futiboli, yule wa kidole gumba. Dawa ya aina ile ile. Anasema mpishi wake alimwekea kwenye kinywaji bila yeye kujua. Amefungiwa michezo minne.

Aliyeandika ni Denis.

Nilikwenda maktaba na Neema mgongoni, nikachapisha zote mbili. Nimeziweka mezani bega kwa bega, nikachukua rangi nyekundu ya mtoto. Kwa Espoir, neno udanganyifu mara nne. Kwa huyu, bahati mbaya. Udanganyifu hakuna hata mara moja. Mpishi ameaminiwa kwa mstari mmoja. Mistari inayobaki ni juu ya nani atacheza nafasi yake, na kwamba atarudi mwezi wa kumi amepumzika vizuri, miguu myepesi.

Miguu myepesi! Kosa lile lile. Kalamu ile ile. Siku nne tu katikati.

Televisheni pia. Wanacheka. Mmoja ametania kuhusu mpishi, wote wakacheka, wakaenda kwenye mchezo wa Jumapili.

Nimekasirika mpaka Neema amenikimbia.

Jumatano, 27 Agosti. Kenmore

Nimempigia Denis. Mara ya tatu akapokea. Nikamuuliza moja tu: mpishi umemwamini, mimi kwa nini hapana?

Akasema kichwa si yeye, ni mhariri. Nikamuuliza katikati aliandika nani.

"Shem, besiboli kwao ni kama kanisa," akasema. "Mtu akianguka, wanamtoa nje. Futiboli ni harusi. Mlevi akianguka, wanamwinua, muziki unaendelea. Mimi nawaandikia vile wanataka kusoma."

"Na ndani ya hilo kanisa lako mimi nilikuwa nini, sadaka?"

Akasema niko na uchungu, tutaongea nikipoa. Nikakata.

Sijapoa.

Jumamosi, 6 Septemba. Louisville

Tumehamia kwa mama mukwe, Okolona. Espoir amepata kazi ghala la karibu, anapakia masanduku. Mgongo umerudi kuuma. Anaruka kamba asubuhi kabla ya kazi, hata hivyo. Hilo linanipa moyo.

Wawili wameitwa juu. Mmoja ni rafiki yake, alipiga simu kumwambia mwenyewe. Espoir alimpongeza kwa moyo wote, nilimsikia. Kisha akatoka kuosha gari ambalo halikuwa chafu.

Nikamfuata nje. Nikaomba msamaha tena, kwa ajili ya uji.

Akasema uji alinisamehe siku ile ile, ulikuwa upendo. "Lile la Denis ndilo bado. Nilikuwa na kitu kimoja cha kukulinda nacho. Ukakitoa."

Nilidhani nimeonewa mimi. Bon. Nimeonewa. Lakini mimi pia nilimwonea mtu.

Jumapili, 5 Oktoba. Louisville

Yule wa futiboli amerudi leo. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi. Mtangazaji alisema karibu nyumbani. La dawa, hata neno moja. Espoir alitazama mpaka mwisho. Alisema jamaa anakimbia vizuri. Ni kweli.

Lakini nataka kuandika ya asubuhi.

Kanisani, mchungaji aliomba wageni na waliohamia wasimame, waseme jina na kazi, kama kawaida. Nilijua Espoir hatasimama. Wiki nne amekaa kiti cha nyuma, karibu na mlango. Watu wote wanajua, simu zinazunguka.

Akasimama. Alisema jina lake lote, mpaka la babu. Akasema kwa sasa anafanya ghala. Akasema, "Mimi ni mrushaji wa besiboli." Kisha akaweka mkono juu ya bega langu. "Huyu ni mke wangu, Mama Neema."

Walitupigia yale makofi madogo ya wageni. Mchungaji akapita kwa mtu mwingine.

Espoir alikaa. Mkono wake ulikuwa baridi. Niliushika, akauacha mkononi mwangu.