Acha Kuandika kwa Jina la Remi

Njia ya Mashamba ya Mpunga,
Church Point, Louisiana.

14 Oktoba 2023

Mpendwa mwanangu Verlin,

Salamu zangu zikukute huko melini, pwani ya Guyana, ukiwa mzima. Mgongo je? Bado unalalia kile kigodoro ulichosema kigumu kama meza? Na unakula mboga, au ni nyama ya kukaanga asubuhi na jioni? Usinidanganye. Uso wako niliuona kwenye simu ya Tessa, mashavu yamejaa kama ya mtoto mwenye pipi mdomoni.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linajua habari ya mvua kabla ya redio, lakini natembea. Mkeo Tessa hajambo ila amechoka, maana kinu cha mpunga kimempa zamu za Jumamosi tangu mavuno yaanze. Turubai la bluu bado liko juu ya banda la trekta tangu kile kimbunga, na upepo ukivuma linapiga makofi mpaka mbwa anabweka. Ukija utengeneze paa. Usiniambie tena utamtafuta mtu.

Naandika kwa sababu kila nikianza kukusema kwenye simu, mtandao unakatika. Mtandao gani huo unaojua kwamba mama mtu anataka kufoka? Karatasi haikatiki. Keti, uisome yote.

Ni habari ya binti yako Remi na nafasi ya kuchezea chuo huo mpira wake wa gongo, softiboli. Nakwambia mapema ili usiruke mistari ukiitafuta: nafasi hakupata. Ile ya Mississippi, ambayo ulishawatangazia wenzako nusu ya meli, imekwenda kwa msichana mwingine. Na nyingine sioni itatokea wapi. Mtoto yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, vyuo vimeshachagua wadakaji wao, na yule rafiki yake anayerusha mpira ameshapigwa picha na kofia ya chuo chake, mama yake ameibandika mpaka kanisani.

Nilimpeleka mwenyewe, ile siku kocha wa Mississippi alipowaita wasichana chuoni kwake awaangalie wakicheza. Ndiyo, kwa gari la Tessa. Ndiyo, kwa barabara kuu. Leseni ninayo na macho ninayo, usianze.

Wazazi tulikuwa nyuma ya wavu na viti vyetu vya kukunja. Kulikuwa na baba mmoja anambebea binti yake begi na chupa ya maji, anamfuata kama mtumishi wa hoteli. Mwanamke aliyekaa karibu yangu akaninong'oneza, "Bibi, yule binti kashakatwa. Kocha akiona mtu anabebewa begi, kwisha habari yake." Nikacheka. Nikaona wetu analo begi lake begani, nikavimba kichwa. Kumbe wa kwetu naye alikuwa amebebewa, tena na mtu aliye katikati ya bahari.

Na alicheza, Verlin! Mtu asikudanganye kwamba alishindwa uwanjani. Mipira iliyodunda vumbini aliizuia kwa kifua kama anayefunga mlango. Msichana mmoja mwenye miguu mirefu akajaribu kuiba beisi ya pili, yaani kukikimbilia kituo cha pili kwa ujanja, lakini Remi aliachia mpira ukafika kabla yake na kumsubiri. Yule mwanamke wa karibu yangu akauliza, "Huyo ni wako?" Nikamwambia, "Unadhani ni wa nani, na mabega yale?"

Baadaye kocha akamwita. Anaitwa Kocha Hatcher, mwanamke mrefu, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Aligeuza ndoo ya mipira akaikalia, akampa Remi ndoo nyingine. Mimi nilikuwa upande wa pili wa wavu. Sikusogea, nao hawakunifukuza, kwa hiyo haya nayasema kama nilivyoyasikia.

Kocha akaanza kwa kicheko. "Remi, kuna kitu uliniandikia sijakisahau. Ulisema mlipofungwa ile fainali ya kiangazi, uliwakusanya wenzako wote wakilia, ukawaambia maneno. Uliwaambia nini?"

Mtoto akatazama viatu.

"Sikuwaambia kitu, Kocha. Nilikuwa ndani ya gari. Nalia."

"Lakini uliniandikia."

"Baba ndiye anaandika."

"Hiyo tu, au zote?"

"Zote, Kocha."

Kocha akavua kofia, akajikuna kichwa. "Nimekuomba tuzungumze kwa simu, si mara moja. Ukanijibu una mitihani."

Remi akanyanyua uso. Na hapo ndipo, mwanangu, nilipotaka kuivuka hiyo bahari nije kukuvuta sikio. Alisema, "Simu gani? Mimi sikujua kama umeomba simu."

"Ungepokea?"

"Ningepokea, Kocha. Ningetetemeka, lakini ningepokea."

Yule mama akairudisha kofia kichwani. Halafu akasema, "Kwa hiyo mwaka mzima nimekuwa nikizungumza na nani?"

"Na baba yangu. Yuko kwenye meli ya mafuta."

"Baba yako anaandika vizuri sana," kocha akasema. "Bahati mbaya sihitaji yeye adake."

Hakusema kwa ubaya. Alimshukuru kwa kusema kweli, akamwambia ana mikono mizuri na asiache kucheza. Kisha akamweleza wazi kwamba alikuwa na nafasi moja ya mdakaji, na msichana wa hukohuko kwao alikuwa akimpigia simu kila wiki, mara nyingine hana hata la kusema, anamwambia tu mbwa wao kazaa. "Yule namjua," akasema. "Wewe ndio nakuona leo." Akampa mkono. Ikawa basi.

Ulipoambiwa binti yako azungumze kwenye simu, ulifikiri nini? Najua ulifikiri nini. Ulifikiri huyu mtoto atababaika, atasema "ndiyo" na "hapana" na "sijui", kocha atamwona si kitu. Umemfanya bubu kwa kumsemea. Remi si bubu, Verlin. Anakaa nyuma ya mpigaji, uso ndani ya kinyago cha wavu wa chuma, anawapangia wenzake wote mahali pa kusimama, na wanamtii. Wewe hujamsikia, kwa sababu ukija uwanjani wewe ndiye unayepiga kelele.

Na maneno yenyewe uliyoandika! Alinionyesha kwenye simu, naye ndiyo kwanza alizifungua siku hiyo. Ati "nina ari ya kuongoza na kiu ya ubora". Mtoto huyu ambaye nikimuuliza shule ilikuwaje ananiambia "kawaida, Bibi"! Mimi niliacha shule darasa la nne, lakini hata mimi nikisoma pale naona mtu mzima mwenye ndevu amevaa sketi ya mwanawe.

Na yule wa Texas je? Ulimwandikia kwamba tangu utoto unaota kuvaa jezi ya chuo chake, ukasahau kufuta jina la chuo ulichokuwa umekiandikia kabla. Halafu unashangaa hajibu. Ningekuwa yeye ningeichapisha hiyo barua niibandike ukutani watu wacheke.

Remi naye nimemsema, usidhani nimembembeleza. Alijua unaandika. Alikuwa na miaka kumi na tano ulipomfungulia hiyo anwani ya barua pepe, akaona raha, kazi inafanywa na mwingine. Nikamwambia, "Na wewe ulikaa tu kama malkia." Akasema, "Nilidhani Baba anajua zaidi." Nikaongeza sauti ya redio ya gari, maana kumjibu bila kukutukana nisingeweza.

Tulisimama njiani kwenye duka la kituo cha mafuta, nikamnunulia soseji ya wali aipendayo. Akaishika tu mpaka ikapoa. Kisha akasema, "Bibi, usimwambie Baba."

"Nitamwambia."

"Atajisikia vibaya."

"Ajisikie."

"Ameandika akiwa amechoka, Bibi. Anatoka zamu, badala ya kulala anaandika."

Umeona mtoto uliye naye? Amepoteza alichokitaka tangu ana meno ya utoto, na anakuonea huruma wewe. Nikawasha gari, sikutaka anione uso.

Sasa sikiliza alichofanya, na ukisikia usirushe simu baharini. Jumapili baada ya misa alikaa mezani kwangu, mimi nakoroga supu ya bamia, akawaandikia makocha wote. Wote uliowaandikia wewe. Alinisomea. Aliandika: jina langu ni Remi Guidroz, ni mdakaji, barua mlizopata kabla ya hii aliziandika baba yangu, nyingine zina mambo ambayo sikuyafanya, samahani, hii naandika mwenyewe. Basi. Tessa alipokuja akashika kichwa. "Umetuua," akamwambia. "Hakuna kocha atakayetaka kuisikia familia hii tena." Remi akamjibu, "Walikuwa hawanitaki mimi, Mama. Walikuwa hawanijui."

Tessa amesema kweli, na mtoto naye amesema kweli. Mmoja wa makocha amejibu, mwanamume wa chuo kidogo cha miaka miwili huko Oklahoma. Alimshukuru, akamtakia heri, akasema timu yake imejaa. Wengine kimya. Mialiko ya kambi za mazoezi za kulipia inaendelea kuja, lakini hiyo inatumwa kwa kila msichana mwenye glavu, hata wewe unajua, ingawa ulikuwa unaturukia na kushangilia kila ikifika.

Mimi sina matumaini, nakwambia kama ninavyoona. Mwezi ujao wasichana wataketi kwenye ukumbi wa shule na familia zao, mezani kuna keki yenye rangi za chuo, watatia saini kujiunga na vyuo vyao, watapigwa picha. Remi atakuwa amekaa kwenye viti vya kawaida na wengine, anapiga makofi. Ameshasema atakwenda. Nilimwambia abaki nyumbani, akanijibu, "Huyo mrushaji nimemdakia miaka sita, Bibi. Nitabakije?" Bila mpira hataki kusikia habari ya chuo. Anasema ataomba kazi kinuni na mama yake. Nami nilimenya kamba wa matope mpaka vidole vikapinda ili wewe usome, na nilitegemea yeye naye asome. Inaniuma. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Asubuhi bado anafanya mazoezi. Anarusha mpira kwenye ukuta wa banda, anaudaka, anaurusha. Simwulizi ni wa nini.

Usijaribu kutengeneza. Nakujua. Ukimaliza kusoma hii utataka kumwandikia Kocha Hatcher ueleze, uombe msamaha kwa kurasa tatu, useme kosa ni lako, mtoto afikiriwe tena. Acha. Kosa ni lako na kocha ameshaelewa. Na kama umejaribu kufungua ile anwani ukaona inakukataa, haijaharibika, usimsumbue fundi wa meli. Remi amebadilisha neno la siri. Hata mimi hajaniambia, na sikumwuliza.

Mjomba wako Alcee anakusalimu, anasema ile bunduki uliyomwachia anaitunza, ila mimi naona anaiwindia kindi bila aibu. Dada yako Odile anakusalimu na watoto wake. Padri naye aliuliza habari zako, nikamwambia uko hai na unaandika sana. Tessa anasema atakupigia Jumapili. Hana hasira na wewe kama mimi, au amechoka mno kuwa nayo.

Remi hakutuma salamu. Nilimwuliza, akasema, "Mwambie tu sijambo." Hiyo ndiyo niliyopata.

Kwa hiyo, mwanangu, kama ukitoka zamu mkono bado unakuwasha kuandika, mwandikie yeye. Si lazima iwe nzuri. Usimwambie habari ya ari wala kiu. Mwambie ulichokiogopa mpaka ukamnyima simu yake. Na chini uweke jina lako mwenyewe.

Mungu akushike huko juu ya maji, akurudishe na viungo vyako vyote, hata kama nitakufokea mlangoni kabla hujaweka begi chini.

Ni mimi mama yako, nisiyeacha kukupenda hata siku kama hii,

Eula Guidroz