Kwa Mama Mwanakombo, Aliyekataa Kufichwa Ndani

Mwaka umezunguka, Mama, tangu tulipokusindikiza makaburini asubuhi ile ya mvua za vuli. Hadi leo wapo hapa Temeke wanaosema ugonjwa ulikushinda. Tunakuandikia wewe, nao wasikie: haukukushinda.

Ulikuwa mama wa vitumbua. Wanaume waliokwenda kupakua meli walipitia barazani kwako kila asubuhi, na hakuna aliyeondoka na njaa kwa sababu ya mfuko mtupu. Uliwafokea paka, kuku na sisi wanao kwa sauti ile ile moja, kisha ukatulisha sote. Hukupenda kuambiwa pole. "Pole ya nini? Kwani mie nimeanguka?"

Mwaka 1951 uligusa uvimbe kwenye titi la kushoto. Shangazi zetu walitaka upelekwe kwanza kwa mganga. Wewe ulijifunga kanga yako ukaenda hospitali mjini, Baba nyuma yako. Daktari Mzungu akasema ni saratani, titi sharti likatwe. Ukamwuliza kupitia kwa mkalimani, "Mkilikata nitaishi?"

Mkalimani akarudi na jibu: "Anasema huenda."

"Huenda inanitosha," ukasema. "Nyumbani sina hata hiyo."

Kidonda chako kilipona upesi kuliko midomo ya watu. Wanawake uliowapikia katika harusi zao wakawa wanakusalimu toka njiani. Wengine walisema maradhi yale huambukiza, wengine kwamba umerogwa na atakayekukaribia yatamwingia. Vitumbua vikalala kapuni. Mmoja akapita akasema kwa sauti ili usikie, "Vya mgonjwa hivyo, havishuki kooni." Nawe ukamjibu, "Vikikukwama niite, shoga. Njia ya hospitali naijua."

Wakamwendea hata Baba, Mzee Fakihi, wakamshauri aoe mwingine kwa kuwa huyu amepungua. Baba, ambaye neno moja humtosha kutwa nzima, akaweka randa yake ya useremala chini. "Mimi nilioa mke," akasema. "Sikununua ng'ombe wa maziwa." Ulicheka mpaka ukashika kidonda.

Lakini kuna siku hukucheka. Harusini kwa jirani, wenzako walipozunguka sinia, wewe uliletewa sahani yako peke yako, karibu na mlango. Uliibeba hivyo hivyo hadi nyumbani, ukawamwagia kuku. Tangu siku hiyo ulikuwa na haja moja tu, nasi sote tuliijua: kula tena sinia moja na wenzako.

Daktari alikuwa amekwambia mkono wa kushoto utakauka usipouchezesha. Basi kila siku uliutambaza ukutani kama mjusi, meno umeyauma, ukiuongezea kidogo kidogo. Siku vidole vilipofika kwenye kamba ya kuanikia nguo, ulipiga vigelegele peke yako uani. Ukavirudia. Majirani wakaja mbio, wakidhani kuna aliyejifungua.

"Mtoto gani?" wakauliza kwenye ua. "Wa kike au wa kiume?"

"Mkono!" ukasema, ukauinua juu. "Umezaliwa mkono. Njooni muupakate."

Hakuna aliyeupakata. Walirudi makwao wakitikisa vichwa. Ila kosa lao lilikupa wazo. Kama huu ni uzazi, ulituambia, basi na mimi nitolewe nje kama mzazi.

Ukaenda kwa Bibi Somoe, kungwi aliyemtoa nje kila mzazi wa mtaa huu siku zake arobaini za kukaa ndani zilipotimia.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja unitoe nje."

"Marahaba. Kwani we mtoto umezaa lini?"

"Mwezi wa Rajabu, hospitali."

"Umezaa nini?"

"Huyu unayemwona. Yule aliyekwenda kule alikuwa anakufa."

"Usinichezee mie, Mwanakombo! Mzazi hutolewa na mtoto mkononi. Wewe mkononi una nini?"

"Nina mkono wenyewe, Bibi."

Akakufukuza kwa mkongojo. Ukarudi umevimba kwa hasira, ukasema utajitoa mwenyewe.

Tunaikumbuka siku ile kama ya jana. Ulioga, ukapakwa dalia, ule unga wa manjano wenye kunukia, ukavaa doti mpya ya kanga. Binti yako Mwajabu alitaka kukuwekea usufi kifuani, upande uliopungua. Ukamshika mkono. "Acha. Waone wasichokijua, waache kukitunga." Ukauzunguka mtaa mzima kichwa juu, Baba kando yako amekushikia mwavuli kama wafanyiwavyo wazazi, huku sisi tunaona aibu. Ndiyo, Mama, sisi wanao tulioandika haya tuliona aibu. Wewe hukuona.

Pilau ilikuwa tayari uani, sinia kubwa, mkeka umetandikwa. Wanawake walikuja wengi, maana nani angekosa kuona? Wakasimama kandokando ya ua kama wanaotazama nyumba inayoungua. Ulinawa, ukaketi, ukasema, "Karibuni." Hakuna aliyesogea. Ukasema tena. Mvuke wa pilau ukaanza kukatika, na kwa mara ya kwanza tangu uumwe, tukaona kichwa chako kinainama.

Ndipo akatokea Anjelina, mke wa Kamugisha, karani wa reli. Walikuwa wageni hapa, watu wa Bukoba, na kabla ya hapo salamu zake kwetu zilikuwa za ng'ambo ya njia tu. Akavua viatu, akanawa, akaketi karibu nawe mpaka magoti yakagusana.

"Sogea, shoga," akasema. "Hata mimi nilikatwa. Huko kwetu, hospitali ya misheni. Miaka minne sijamwambia mtu ila mume wangu." Akatia mkono kwenye pilau, akala, akalia, akala tena.

Mkawa mnakula wawili sinia la watu wanane. Kisha mkongojo ukasikika, na Bibi Somoe akapenya katikati ya watu.

"Mzazi anajitoa mwenyewe, kungwi wake nipo hai?" akafoka. "Mnataka mji wote unicheke? Mwakani utanisubiri mimi." Akaketi. Akatazama nyuma. "Na nyie mnatazama nini? Hamjaona watu wanakula?"

Wakaja. Mmoja mmoja, kisha kwa kusukumana.

Kutoka hapo ulitolewa nje kila mwaka. Wakaanza kuja wanawake wengine waliokatwa, tusiowajua, wa Kinondoni, wa Mwananyamala, na mmoja wa Segerea aliyeletwa na mumewe kwenye baiskeli. Kumbe walikuwapo siku zote, kila mmoja amefichwa chumbani kwake akidhani yuko peke yake. Kila mmoja alitaja jambo ambalo mwili wake uliliweza mwaka ule, na vikapigwa vigelegele: aliyetwanga mpunga, aliyebeba ndoo ya maji kichwani, aliyethubutu kuoga mtoni na wenzake. Mwaka ule alipozaliwa mjukuu wako Salumu, ulisimama ukasema tu, "Nimembeba mgongoni hadi sokoni," ukaketi. Hatujasikia vigelegele kama vile tena.

Ugonjwa ulirudi mifupani. Hukuuficha, nasi hatutauficha. Mara ya mwisho hukuweza kutembea, tukakubeba kwenye kiti, mwanao Nassibu mbele na Kamugisha nyuma. "Msinibebe kama jeneza," ulitugombeza. "Yumbisheni kidogo! Bibi harusi huyu." Tukayumbisha. Ukawapungia watu kwa mkono wa kushoto.

Baada ya kukuzika maneno yakarudi. Na mwezi wa Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, Zuena, mke wa mkulima wa Kibamba, aliambiwa na daktari akatwe, akakataa. Anjelina na Mwajabu walimwendea. "Mwanakombo si alikatwa?" akawauliza. "Na si amekufa?"

Mwajabu, ambaye tangu uondoke hazungumzi mbele za watu, ndiye aliyejibu.

"Amekufa, ndiyo. Lakini alinioza mimi kwanza. Akampokea mwanangu kwa mikono yake. Akakaa na watu, dada yangu, akacheka nao. Bila kisu kile nisingepata hata moja. Ukienda, tutakungoja mlangoni. Usipokwenda, tutakaa nawe hapa hapa. Hatuondoki."

Zuena alikwenda. Yuko nyumbani sasa, na siku zake zinatimia Ijumaa hii, tumtoe nje. Bibi Somoe hawezi tena mwendo, lakini amesema atafika hata kwa lori la mkaa. Kwa hiyo anayetaka kujua kama ulishindwa, aje Kibamba baada ya sala, anawe mikono, aketi.

Tunaokukumbuka ni mumeo, Fakihi Mwishehe; wanao, Nassibu na Mwajabu; mjukuu wako Salumu; dada zako wa sinia, Anjelina na wenzake wote; na kungwi wako, Bibi Somoe.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Mama. Hatutakusahau maisha yetu yote, wala hatutanong'ona tunapokutaja.

Temeke, 1958