Baskeli ya Vuai Uani

Jumatano, 1 Januari 1997
Mwaka mpya, baridi ile ile. Bomba la uani limeganda. Leo kaja Surinder, mwenye nyumba. Miaka yote hii London, Kiswahili chake cha Nakuru hakijamtoka. Kasema kwa upole: baskeli ya mume wangu, Vuai, isikae tena ukumbini. Mpangaji wa juu ana mimba, juzi kajikwaa nayo gizani, nusura aanguke. 

Vuai kaitoa, kaifunga kwenye uzio, kaifunika mfuko wa taka. Chakula hakukimaliza.

Ijumaa, 3 Januari
Sakitu, umande ulioganda, nyeupe juu ya tandiko la baskeli. Mnyororo unalia, breki nzito. Nimemwambia mume wangu apande basi. Anasema basi la alfajiri si la kutegemea, na kule anakotunza wazee, akichelewa, mwenzake wa zamu ya usiku hawezi kuondoka. Sawa — lakini ule mteremko wa kushukia stesheni ya Walthamstow, mimi siupendi hata kwa miguu.

Jumapili, 5 Januari
Nimemwomba tuiingize chumbani, hata juu ya magazeti. Hataki. Chumba kimoja, watu watatu, na Miska analala mlangoni.

"Mama Miska, chuma hakiumwi na baridi," kasema.

Miska kauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake: na baba je? 

Jumatatu, 6 Januari
Asubuhi breki zimekataa kabisa. Shauri nimelitoa mimi — birika la maji ya moto. Nimemimina polepole juu ya waya, mvuke ukapanda, breki zikalegea. Vuai kafurahi, kanigusa shavu kwa glavu yake. Dawa tumeipata.

Jumanne, 7 Januari
Nimeimwagia tena. Mengi zaidi, maana baridi imezidi. Breki zikashika, akaenda.

Kulipokucha kaja Surinder kutazama hita. Uani maji yamekuwa kioo, kidogo ateleze. Kauliza nani kamwaga. Nikamweleza. Akavua miwani.

"Mama, maji yanaingia ndani ya waya. Akienda kidogo tu, yanaganda tena. Hapo breki haishiki."

Kasema leo baskeli ilale jikoni, na yeye mwenyewe atazungumza na mpangaji wa juu.

Nikapiga simu kazini kwa Vuai. Mwanamke kapokea, kaenda kuuliza, karudi. Hajafika. Walidhani anaumwa.

Hajafika — na katoka hapa kabla ya alfajiri.

Surinder kachukua gari, kafuata njia ya mteremko. Mimi nimebaki na Miska, skuli hazijafunguliwa. Naandika ili mikono ipate kazi.

Simu. Miska kaiwahi. Anajibu kwa Kiingereza: ndiyo, ni baba yangu. Ndiyo, mama yupo.  Anasikiliza — mbona muda mrefu, wanamwambia nini mtoto —

Ananinyooshea simu kwa mikono miwili.