Ndege Ambayo Mcha Hakuipanda

Kajificheni,
Mji Mkongwe,
Unguja.
14 Oktoba, 2024

Mpendwa mpwa wangu Ayoub,

Marahaba. Naitikia kabla hujaamkia, maana najua ungekuwa hapa shikamoo yako ningeisikia tangu mlangoni. U hali gani? Baridi ya huko Birmingham imeanza kuuma? Yusra hajambo, na watoto? Kikohozi cha yule mdogo kimeisha au bado mnampa dawa za dukani? Sisi huku Alhamdulillahi, tu wazima. Mimi sikio la kushoto limezidi kufa na magoti yananisumbua kwenye ngazi, lakini hayo ni ya umri. Mama yako ni mzima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ninayo. Simu yangu mama yako anaishika kila saa, anasema anatazama picha za wajukuu zake. Mimi sina hakika kama ni picha tu. Kwa hiyo barua hii anakuja nayo Bi Faiza wa Sokomuhogo, anayekwenda huko kumtazama mwanawe. Bahasha nimeigandisha kwa gundi, kisha juu yake nikabandika utepe. Ukiukuta utepe umeng'oka, nijulishe.

Paa la upande wa uani limekwisha kutengenezwa, halivuji tena, na kwa bahati limewahi mvua za vuli. Fundi ni mzuri ila alikuwa akinitazama kwa namna nisiyoipenda wakati anakusanya vifaa vyake. Tangu siku ile nyundo yangu siioni.

Unamkumbuka Khatib, yule aliyekuwa fundi wa injini kwenye ndege yetu ya mizigo jeshini. Sasa anatengeneza feni pale Mkunazini, na mimi kila siku baada ya sala ya alasiri hukaa dukani kwake tukakumbushana mambo ya zamani. Tunawacheka wale mbuzi waliokata kamba angani wakala ramani ya rubani. Tunaikumbuka baridi ya kule juu iliyokuwa ikitufanya tujifunike magunia, na namna tulivyokuwa tukizungumza kwa mikono, maana injini zilimeza kila neno. Kazi yangu mimi ilikuwa kupanga mzigo, kuufunga kwa mikanda, na kusema nani akae wapi ili ndege isielemee nyuma. Wakubwa wenye vitambi niliwapeleka mbele, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Basi tangu Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, akaanza kutokea pale dukani mtu mmoja, Mcha, wa Jambiani. Amefiwa na mkewe, na kazi yake ni kuendesha gari ya kubebea mwani mkavu. Huo mwani mama yako anaununua kwa akina mama wa huko kwa ajili ya sabuni zake, na Mcha ndiye anayemletea. Hilo la kumletea nililijua baadaye, kama yote mengine ya nyumba hii. Siku ya kwanza alikuja na feni mbovu. Siku ya pili hakuwa na feni, alikuwa na pweza. Akakaa, akasema eti na yeye alitumikia ndege za mizigo, ndege nyingine si ile yetu.

Mimi sikumwamini hata kidogo. Kanzu yake mpya, maneno yake ya taratibu, na simu yake kila akiiweka anaiweka kifudifudi. Tena alikuwa anasikia! Sisi tuliozeeka na injini zile hatusikii. Khatib ukimwita sharti umguse bega. Siku moja nilikaa nyuma ya Mcha nikanong'ona, "Mwongo huyu." Akageuka hapo hapo, "Naam, Bwana Ubwa?" Siku nyingine nikampa ishara ya mkono, ile ya kuuliza kama mzigo umeshafungwa. Akanijibu sawasawa, lakini polepole, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesoma alifu. Nikazidi kuchanganyikiwa, maana ishara ile mtu wa nje haijui. Nilipomwambia Khatib shaka zangu, alinijibu kwamba pweza alikuwa laini sana. Nikajua huyu keshanunuliwa.

Mwezi uliopita wazee wawili wakatoka Jambiani wakaja nyumbani kwetu, wamejitia uturi, na kauli zao tamu. Wamekuja kumposea Mcha. Anayeposwa ni mama yako, Ayoub.

Unajua kuwa baba yetu hayupo na walii wa mama yako ni mimi. Bila ya kauli yangu hakuna ndoa. Tangu babako alipofariki, Mungu amrehemu, wamekuja waposaji na nimewarudisha, kila mmoja kwa sababu yake, na mama yako alikuwa hasemi kitu. Huyu nikaomba nipewe muda. Nilijiuliza, mtu anayezua hata kazi aliyoifanya ujanani, anataka nini kwa mjane mwenye biashara yake na nyumba ya urithi? Nikawauliza wavuvi wa Jambiani wanaoleta samaki sokoni. Wote walimsifu, na sauti zao zilifanana mno, nikashuku kwamba wamepangwa.

Hapa inabidi nikueleze jambo ambalo mama yako mwenyewe hakulijua mpaka juma lililopita. Wakati wa vita vya Kagera, mwaka wa sabini na tisa, tulikuwa tukibeba majeruhi kutoka Mwanza. Safari moja alikuwemo kijana wa Tabora, Kurwa. Machela yake niliifunga mwenyewe. Alinivuta mkono wa shati, nikamsoma midomo, maana kusikilizana hakuna: nimwamshe tukifika, pacha wake Doto atakuwa uwanjani Dar es Salaam anamngoja. Hatukufika naye hai.

Nilipopata likizo nikaja Unguja. Mama yako alikuwa mtoto mdogo, na kila akiniona anataka kisa cha ndege. Nikamhadithia kwamba Kurwa aliamka magurudumu yalipogusa ardhi, akateremka kwa miguu yake kwa mlango wa nyuma, akampigia rubani saluti ya mkono wa kushoto kwa kuwa wa kulia umefungwa bendeji, na Doto akacheka mpaka akakaa chini. Alikipenda kisa kile kuliko vyote, akawa ananitaka nikirudie. Hakuna mwengine niliyemsimulia vile. Wenzangu walikuwemo ndani ya ndege, ningewaambia nini?

Sasa Alhamisi iliyopita tumekaa dukani, Mcha akaanza. Anasema siku moja wakati wa vita alikuwa uwanjani Dar es Salaam, akamwona majeruhi anateremka kwa miguu yake kwa mlango wa nyuma, kampigia rubani saluti ya kushoto, na pacha wake akacheka mpaka akakaa chini. Ni maneno yangu yale yale. Nikamtazama Khatib, ambaye siku ile ndiye niliyeishusha naye ile machela. Khatib akainamia feni yake. Nikaona nimezungukwa pande zote.

Niliinuka bila ya kuaga nikaenda nyumbani. Mama yako alikuwa jikoni anamimina sabuni kwenye kalibu zake. Nikamuuliza Mcha amekipata wapi kisa cha Kurwa.

"Mie ndiye niliyemfundisha," akasema, wala hakugeuka. "Na ishara za mikono mie. Kila anayenijia unamuuliza katumikia jeshi gani. Yule wa Kidichi ulimrudisha kwa sababu hajui kufunga fundo! Nikasema huyu haendi hivi hivi."

"Basi ni mwongo."

"Mwongo mie. Yeye hakutaka, nimemlazimisha. Kaka, mie nshachoka kula peke yangu. Wewe chakula chako kwa Khatib, Ayoub yuko kwake na mkewe. Nnamtaka Mcha."

Nilikuwa nimeshajiandaa kupiga kelele, lakini akaacha kumimina akanigeukia.

"Lakini hebu kwanza. Umejuaje kama kisa kile kimetoka kwangu? Uwanjani pale watu walikuwa wengi. Si angeweza kukiona kweli?"

Mama yako ana akili, unamjua. Akaiweka sufuria chini.

"Kurwa hakuteremka?"

"Hakuteremka."

"Na Doto? Doto ulimzua?"

"Doto alikuwepo," nikamwambia. "Kavaa shati jeupe, kasimama mbele ya watu wote."

Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akalia. Amemlilia Kurwa kama kwamba kafa asubuhi ile, na kwake yeye ilikuwa hivyo. Nami nililia, Ayoub, sikufichi. Machozi yale nilikuwa nayo tangu ujana wangu na sikupata pa kuyatoa.

Alipojifuta uso akaniambia, "Wewe umenidanganya umri wangu mzima kwa kunipenda. Mie nimekudanganya tangu Mfungo Tatu. Haya, nani amhukumu mwenziwe?"

Siku ya pili nilikwenda dukani na hasira zangu bado ninazo, nimeshapanga nitakayomwambia Mcha. Nikamkuta amesimama, hakukaa mahali pake, na kofia iko mkononi. Nadhani mama yako alishampigia simu.

"Bwana Ubwa," akasema, mbele ya wateja, "mie ndege sijapata kupanda maisha yangu. Nnaziogopa. Hata Pemba nnakwenda kwa boti, na humo botini macho nimefumba. Nakuomba radhi." Akageuka aende zake.

"Kaa, Mcha," Khatib akasema.

Kisha akanigeukia mimi. Kwa uziwi wake aliyasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili. "Mie nlijua tangu siku ya mwanzo kama huyu hakuwemo. Lakini jana aliposema yule kijana kateremka kwa miguu yake, nimekwenda nikalala. Ubwa, nimelala! Miaka yote hii nikifumba macho naiona machela. Mwache aseme tena."

Na mimi nikidhani ni pweza. Tumekaa duka lile miaka na miaka, Khatib na mimi, tukahadithiana mbuzi na baridi na vitambi vya wakubwa, na Kurwa hatukumtaja hata mara moja. Kila mmoja alikuwa akidhani mwenzake amemsahau.

Mcha akanitazama, hajui akae au aondoke. Sisi wengine wote tulikuwemo ndani ya ndege ile, na kwa hiyo hakuna kati yetu ambaye angeweza kukisema kisa kile. Nikamwambia, "Simulia."

Akasimulia, na Khatib anamtazama midomo kama tulivyokuwa tukitazamana ndani ya ndege. Magurudumu yakagusa ardhi. Kurwa akaamka, akateremka kwa miguu yake, na Doto akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza nikampa mkono, nikamwambia awarejeshe wale wazee wake. Ndoa ni Ijumaa ya pili ya mwezi ujao, Inshallah, na nitamwozesha mwenyewe. Kabla yake tutamsomea Kurwa khitma, mama yako ndiye aliyetaka.

Sasa nije kwako. Wiki ile wazee walipokuja kuposa, mama yako alizungumza nawe kwa simu na mlango kaufunga, akatoka anacheka. Nashuku ulikuwa unajua, na huenda hata wewe ulimsaidia kumfundisha. Kama ulijua, njoo harusini uniambie usoni. Kama hukujua, njoo umtazame baba yako wa kambo kwa macho yako, maana mimi kumchunguza sijamaliza.

Khatib anakusalimu sana, na Bi Maisara jirani yetu anakuuliza kila siku. Msalimie Yusra, na watoto wabusu vipaji vya uso kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu akuhifadhini huko ugenini, akufungulieni riziki, na akukutanisheni nasi mkiwa na afya njema.

Mimi mjomba wako, nikupendaye hata ninapokushuku,

Ubwa