Dawa ya Minyoo Haikusaidia

Mama Saholy mpendwa wa redioni,

Kabla sijakuomba msaada ngoja nikwambie alichofanya mwanangu sasa hivi tu: ameichukua kofia ya Ndriana, ile ya ukili yenye utepe mweusi aliyoisahau hapa jana, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya kunywa tuliyochemshia ukoko wa wali, akaifunika na mfuniko wake vizuri, halafu akaja kukaa mapajani mwangu kama mzee aliyemaliza kazi za siku. Anaitwa Mahery, ana miaka miwili, na sijamfundisha mimi, naapa, nimecheka tu.

Ndriana ndiye anayetaka kunioa. Mama, usidhani ninaringa, mimi ni mdarizi wa vitambaa vya meza hapa Antsirabe, shule niliiacha mapema, baba yake Mahery alikwenda kusini kutafuta yakuti akapata mwanamke mwingine, kwa hiyo mwanaume mwenye kazi bandarini Toamasina, mwenye pikipiki, asiyelewa, anayemletea mama yangu matunda kikapu kizima, huyo ni bahati, wote wanasema ni bahati, majirani wanasema, mchungaji anasema, hata mjomba Razaka ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu nimjue anasema, na mnajimu ameshatupa siku, Alhamisi ijayo, siku njema kupita zote, ndiyo watu wake wanaleta kondoo wa posa, ingawa siku hizi kondoo mwenyewe ni bahasha ya pesa.

Shida ni tumbo langu. Pikipiki yake ikilia tu pale kwenye kona, tumbo linajikunja kama nguo inayokamuliwa. Nikamwambia mama, mama akasema ni minyoo, nikanywa dawa. Nikanywa tena. Minyoo kama walikuwepo wamekwisha wote, maumivu yapo palepale. Mama akasema basi ni maharage, nikaacha maharage. Ndriana akarudi kazini Toamasina, nikala maharage, nikala na kisamvu cha nguruwe kinachoelea mafuta, nikalala fofofo. Pikipiki ikalia kwenye kona, tumbo hilo!

Nikamwambia mjomba, machale yananicheza. Alicheka mpaka akakohoa. "Hilo tumbo lako limesoma mpaka darasa la ngapi? Mnajimu kasoma nyota, mchungaji kasoma Biblia, wewe unatuletea tumbo!" Mama naye akadakia, "We binti, una mtoto mgongoni, unachagua wanaume kama unachagua nyanya?"

Lilipoanzia napajua. Tulikuwa tunakula, Ndriana akasema tukishaoana huyu mdogo atabaki kwanza kwa bibi yake, mpaka tujipange. Nikauliza, tutajipanga mpaka lini? Akacheka, ana meno mazuri sana, akasema, "Mbona una haraka hivyo, mpenzi? Mtoto si samaki, hataoza." Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka, ni utani mzuri, na tumbo likaanza hapohapo. Hapa mpaka Toamasina si karibu, ukipanda basi unalala njiani. Na jina la mwanangu sijawahi kumsikia akilitaja, kila siku ni "huyu mdogo", labda Mahery ni jina gumu.

Lakini si mtu mbaya, Mama Saholy. Hajanitukana hata mara moja. Natamani nyumba yenye baba, natamani Mahery aione bahari, bado nina matumaini kabisa. Naomba uniambie kama kuna dawa nyingine ya tumbo, iliyo kali zaidi, au kama nilisikilize, maana Alhamisi nitaulizwa mbele ya watu kama nimekubali na sijui mdomo wangu utasema nini, na sasa mama ananiita, Ndriana amekuja kuchukua kofia yake na mimi sijaitoa hata kwenye sufuria, na tumbo lime

MAMA SAHOLY ANAJIBU

Binti yangu, ninayekuita Voahangy,

Hongera kwa kunywa dawa zote hizo. Katika kazi hii nimesikia mengi, ila minyoo wanaotambua pikipiki ya mtu kwa mlio wake, hao ni wapya kwangu.

Tuwatazame wataalamu wako. Mnajimu aliulizwa siku, akatoa siku. Hakuna aliyemuuliza habari za mtu. Mchungaji anamsifu mwanaume asiyelewa, vizuri, hata mbuzi wangu halewi. Mama yako amekula matunda. Na mjomba anataka kujua tumbo lako limesoma mpaka darasa la ngapi! Mwambie watu wote mlipokuwa mnacheka habari za samaki, ni tumbo lako tu lililosikia kilichosemwa.

Pole, mwanangu. Lakini na wewe ulicheka! Ulicheka kwa kuwa wenzako wamecheka, ukameza dawa kwa kuwa umeambiwa umeze. Mdomo wa kula kisamvu unao, wa kuuliza swali mara ya pili umemwazima nani?

Sasa sikiliza. Sisemi kila tumbo linalouma ni nabii. Wako walioumwa kwa sababu ndoa inatisha, wakaolewa, wakanenepa. Lako wala halijakukataza kuolewa. Linasema kitu kimoja, "simwachi Mahery," na limekisema kila pikipiki ilipolia, wewe unalijibu kwa vidonge.

Kabla ya Alhamisi mwambie Ndriana, ukiwa umesimama, bila kuchekacheka: "Siku tutakayopanda basi, Mahery anapanda na sisi." Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu. Usimtazame meno. Akisema sawa, akauliza mtoto anapenda kulala upande gani, olewa, na mimi nialike. Akisema "tujipange", mpe kofia yake. Kisha nenda mwenyewe kwa mzee atakayeongea kwa niaba yenu, mwambie kondoo asipokelewe. Mjomba atapiga kelele. Mpe dawa ya minyoo iliyobaki.

Akichagua njia ya tatu, ya kusema sawa huku anatazama saa, hapo hunihitaji mimi. Una chombo chako cha kupimia, na kimeonyesha kuwa hakiharibiki hata kwa maharage.

Wasikilizaji, majina yote nimeyabadilisha isipokuwa la mtoto. Hilo nimeliacha kwa makusudi, maana kuna mtu anahitaji kulisikia. Mahery. Si gumu.

Barua yako imekatikia njiani, binti yangu, usinitumie kipande kilichobaki. Kimalizie mbele ya mwenye kofia. Na Mahery asiguswe hata kwa ufito. Katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyehisi jambo akalishughulikia siku hiyohiyo.