Flash ya Nyimbo Zako

Mama mpendwa,

Imani ametoka sasa hivi kuichomeka flash kwenye ugali. Ameinama, amengoja, halafu ananiambia, "Mama, haiwaki." Nimecheka mpaka machozi! Nimeipangusa vizuri, nikaichomeka kwa kompyuta ya pili, na ikijipanga mimi nakuandikia.

Mguu wako unaendeleaje? Sisi hapa Mwiki tuko salama, na leo furaha inanishinda kubeba.

Nilikwambia kompyuta tatu za hapa cyber ninapofanya kazi zilikufa, ukiwasha zinabaki nyeusi. Mama Wairimu, mwenye cyber, akasema Jumamosi anaziuza kwa watu wa vyuma kuukuu. Na zikienda, mimi nabaki nafanya kazi gani? Nikamwomba wiki moja. Mteja alikuwa ameniambia kuna kitu kinaitwa Linux, programu ya kuendesha kompyuta, unakitoa bure kwa mtandao, hata mashine nzee inakikubali.

Flash yangu ni ile uliyonipa nikitoka nyumbani, yenye nyimbo za kwaya yenu. Nikakopi Linux ndani, vile tunakopi nyimbo. Nikachomeka. Giza. Mara tatu, giza.

"Wewe msichana wa Bungoma," Mama Wairimu akanicheka, "hiyo mashine unaitengeneza ama unaiombea?"

"Vyote viwili," nikamwambia.

Nikasoma maagizo polepole, maana Kiingereza changu unakijua. Kumbe kukopi tu haitoshi! Kuna programu ya kuiandika kwa flash ndiyo kompyuta iamke nayo. Nilikuwa kama mtu ameacha mbegu kwa gunia akingoja iote. Lakini programu ikaniuliza: kila kitu kwa flash kitafutika, nikubali? Nikahamisha nyimbo zako kwa simu, nikazisikiliza moja moja. Ndio nikakubali.

Nikawasha ile iliyokufa, nikibonyeza kitufe cha F12 haraka haraka ili iamkie kwa flash. Ikaamka!

"Haiya!" Mama Wairimu akaruka. "Ati imefufuka?"

Ilipomaliza kujipanga nikaunganisha simu, nikaweka wimbo wako. Watu wa fotokopi wakageuka. "Nani huyo anaimba?"

"Ni mama yangu," nikasema.

Haziuzwi tena, Mama. Siendi popote.

Nisalimie dada yangu Nekesa, na mwalimu wenu wa kwaya, mwambie mmesikika hadi huku. Mama Wairimu ananiita: "Mama Imani, kuja! Hii inauliza jina la mwenyewe, niandike la nani?" Ngoja nikimbie nimwambie aandike lako, Mama.